Kilichotoka Garwen

Babu yake Idwal hakuuita mto. Aliuita wino.
Ulishuka kutoka mgodini mweusi tii,
na bata akitua bata, aliondoka kunguru.
Hayo ni ya zamani. Mgodi ulifungwa, wino ukaisha,
tukabaki na mto usio na rangi wala mwenyewe,
na kisicho na mwenyewe, hapa Wales kama kwingineko,
hugeuka jalala.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi
Ceinwen hutupigia simu mmoja mmoja, alfajiri.
Alikuwa mwalimu mkuu. Hajui kuomba, anajua kuita majina.
Tunakuja. Buti za mpira hadi mapajani,
glavu zisizolingana, na mvua ile ya bonde letu
ambayo hainyeshi, inakaa tu hewani ikikungoja.

Mwezi wa pili tulitoa matoroli tisa ya dukani,
beseni la kuogea, cherehani,
na mlango wenye namba kumi na nne.
Idwal akaugonga, akasubiri.
Tukacheka mpaka tukakohoa.
Mwezi wa tatu tulichomeka vijiti vya mierebi ukingoni,
mia nne na ushei, vimesimama kama wanafunzi walioadhibiwa.
Vikashika. Mimi sikuamini.
Vikashika.

Leo ni kamba. Kuna kitu chini ya daraja
kimeng'ang'ania tope kama gego la mwisho.
Nimeshika mbele, Dilwyn yuko nyuma yangu,
Dilwyn wa akina Prosser, ambaye kwa miaka arobaini
tumesalimiana kwa kidevu tu.
Haya, vuta. Haya, vuta.
Tope likaguna, likaachia:
usukani kwanza, kisha kengele,
na katikati ya kutu
doa la rangi nyekundu, dogo kama ukucha.

Niliijua kabla haijamaliza kutoka.

Ilikuwa ya kaka yangu. Niliitupa mimi,
usiku, nina miaka kumi na mmoja,
kwa sababu yeye alipewa baiskeli na mimi nikapewa soksi.
Asubuhi wakauliza ni nani. Nikasema Dilwyn.
Ilikuwa rahisi. Baba yake alirudi mgodini
kabla mgomo haujaisha,
na bonde zima lilikuwa likitafuta sababu ya pili.

"Ya nani hii?" Ceinwen akauliza, kalamu mkononi,
maana yeye huandika kila kitu.
Ningeweza kunyamaza. Mto ulishanyamaza
miaka yote hiyo kwa niaba yangu.
Lakini yalikuwa yamenifika kiunoni,
na maji ukishayavulia nguo...
"Ya Teifion," nikasema. "Niliitupa mimi."
Sikugeuka. Kamba ilikuwa bado mikononi mwetu sote wawili.
Nikaisikia inalegea.
Kisha, baada ya muda ambao sitaki kuupima,
ikakaza.
"Vuta," Dilwyn akasema. "Bado gurudumu la nyuma."

Hakuongeza neno. Wala sijui kama ataongeza.

Adhuhuri, Macsen, mtoto wa Nerys, akapiga ukelele
juu ya sinia lake jeupe la kuhesabia wadudu.
Tukainama. Kitu chembamba, kirefu kama kidole,
kinaangaza kama kioo, uti wake uzi mmoja mweusi:
mkunga, mchanga kabisa, ametoka baharini
akapanda mpaka huku, hakuna aliyemwita.
Mkunga huyu hazalishi mtu,
lakini tulinyamaza kama watu walio nje ya mlango
wakisubiri kilio cha kwanza.
Macsen akamrudisha. Maji yakamfunika.

Kwenye daftari la Ceinwen, ukurasa wa leo:
tairi tatu. Mkunga mmoja.
Baiskeli moja, mwenyewe kapatikana.
Alikosea, mwenyewe yuko Kanada, sijampigia bado.
Sikumsahihisha.

Dilwyn akaninyooshea kikombe chake, nusu,
huku akitazama mierebi.
Chai haikuwa na sukari.
Nikainywa yote.