Majivu na Machicha

Kibali kimoja, karatasi ya pinki, muhuri wa wilaya:
nguruwe pori mmoja, pori la wazi, kusini ya Kahe.
Hakikusema nguruwe ni wa nani,
wa mwenye miguu
au wa mwenye subira ya makalio.

Mimi ni wa miguu.
Natembea na soksi ya majivu mfukoni,
majivu ya jikoni, yamechekechwa mara mbili.
Nikiitikisa, upepo unajiandika hewani,
nausoma kabla haujafutika.
Darubini niliuziwa na mpagazi wa Marangu,
jicho la kushoto limeota ukungu;
nguruwe wangu wote, basi, ni wa kulia.

Aminieli ni wa ulingo.
Amechimba shimo chini ya mgunga, hapo mto unapojikunja,
na kila Jumatano bodaboda humshushia madumu mawili
ya machicha ya mbege kutoka kilabu cha Uru,
na ndizi zilizoiva hadi kupasuka.
Humwaga. Hupanda. Hukaa.
Akishuka asubuhi, koti lake linanuka harusi.

Tumegombana, sitaficha.
Nilimwambia: wewe huwindi, umefungua mgahawa.
Akasema: nawe huwindi, unatalii.
Nikamwambia machicha yako yameliharibu pori,
nyayo zote siku hizi zinakwenda upande mmoja
kama watu wa sadaka.
Hakukasirika. Alipapasa goti,
lile lililobanwa na tela la miwa,
akasema: niazime lako, kesho nami ninyatie.

Nikasingizia kiu, nikaondoka.

Alhamisi, alfajiri, nikamwona.
Dume, singa nyeupe mgongoni,
anafukua mizizi kwenye matete kama mtu aliyepoteza funguo.
Nikavua viatu, nikavifunga shingoni.
Hatua. Kimya. Majivu.
Hatua.
Tope likanimeza hadi kwenye ugoko, nikaliacha limeze.
Siafu akapanda, nikamwacha apande.
Mlima nyuma yangu ulikuwa bado umejifunika shuka,
na jua lilipoufunua
nilikuwa nimesogea labda urefu wa kanisa.

Hatua thelathini zimebaki.
Akainua pua.

Nilidhani ni mimi.
Hakuwa na habari nami. Upepo uligeuka,
ukanipita kama ndugu mwenye deni,
ukaenda kumpa habari za Uru.

Akatoka mbio ndogo, ya mtu aliyeitwa mezani,
nami nyuma yake kwa tumbo, kwa viwiko,
hadi mgungani.
Uso wake shimoni, masikio yanacheza.
Nikalenga bega.
Nyuma ya bega, nguzo ya ulingo.
Juu ya nguzo, Aminieli, macho kodo, ananitazama.

Hakuna aliyekohoa.
Nikashusha mtutu.
Akainua wake.

Kisha moshi, na kunguru, na ukimya unaozizima masikioni.

"Umeniletea," alisema, akishuka kwa mguu mmoja mmoja.
"Sijakuletea. Machicha yako yamemwita."
"Hata kidogo. Angalia saa hizi, jua limetoka,
huja usiku hawa. Ni wewe umemswaga."
"Nakwambia ni wako."
"Wako, bwana."
Tukasimama pale, wanaume wazima,
kila mmoja akimsukumia mwenzake nguruwe
ambaye jana tungemng'ang'ania hadi kwa mtendaji.

Alipompasua tumbo tukainama wote:
juu machicha, bado yana povu,
chini mizizi ya matete, nyeupe, haijatafunwa sawasawa.
Hatukusema kitu.
Akakata paja la nyuma, akalifunga kwa mgomba,
akaliweka juu ya viatu vyangu.

Nyumbani Haikaeli alilipokea, akalinusa,
akalinusa tena.
"Mbona linanuka pombe? Umempata wapi?"

"Nilimfuata," nikasema,
nikaenda kuosha miguu.