Nusu ya Muhuri

Usivute, alisema don Ewaldo Klenner, fundi saa,
usivute kamwe. Stempu si kigaga cha kidonda.
Iache ielee kwenye maji vuguvugu, uso juu,
kisha ondoka, kachambue maharagwe.
Gundi ina saa yake ya kukata tamaa.

Valdivia, mwezi wa Julai, mvua juu ya mabati
siku ya kumi na mbili bila kuvuta pumzi.
Kule mtoni simba-bahari walibweka sokoni
wakidai vichwa vya samaki,
nami, mwenye miaka tisa, nilikuwa na bakuli la supu,
kibano cha nyusi cha mama
(chenye ncha kali, akakikataa, akaniazima chake butu)
na dunia nzima iliyokatwa vipande vya mraba.

Alinifundisha bila mpangilio,
kati ya saa moja iliyokufa na nyingine:
vidole vina mafuta, hata vya malaika;
meno huhesabiwa, na stempu iliyong'oka jino
haina thamani hata ikitabasamu;
usibandike kwa gundi, tumia bawaba ya karatasi,
uilambe kidogo, kama anayeonja chumvi;
inua mwangani uone alama ya maji,
taji au herufi iliyojificha ndani ya nyama ya karatasi;
zikauke juu ya gazeti, zikilala kifudifudi.
Magazeti ya mwaka ule hayakufaa kwa jingine.

Barua ilikuja Jumanne. Haikuwa na jina la mtumaji.
Mama aliisoma amesimama, koti bado linachuruzika,
akaisoma tena amekaa,
akaitia kifuani, akaenda kunawa uso.
*Niko salama. Huku baridi inauma kuliko huko.
Sitaji mahali, unajua kwa nini.
Mbusu Herminda.*
Bahasha ikabaki mezani,
na kwenye kona yake kulungu wa kaskazini,
wa buluu, akitazama pembeni.

Nilifanya kila kitu sawasawa.
Nilikata kona nikaacha ukingo wa kutosha.
Maji yalikuwa vuguvugu. Sikuvuta.
Na kilichosalia cha bahasha nilikitia jikoni,
maana kuni zilikuwa mbichi
na moto ulitaka kubembelezwa.

Don Ewaldo alitia lenzi jichoni,
akanyamaza hadi saa zote za ukutani zikasikika.
Muhuri wa posta, akasema, ni duara.
Hukanyaga stempu kwa mguu mmoja, bahasha kwa mwingine.
Wako umebaki na mguu wa kulia.
P, I, N, G.
Hili ndilo somo la kwanza, nami nimelileta la mwisho:
kabla ya kulowesha, iulize bahasha.

Akaazima atlasi shuleni. Uswidi,
nchi ndefu kama yetu,
ina miji inayoishia hivyo, kama ndugu wa ukoo mmoja:
Linköping, Norrköping, Jönköping,
Nyköping, Enköping, Lidköping, Falköping.
Huenda kuna mingine. Fedha iliishia hapo.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga.
Aliandika barua saba, maneno yale yale,
jina la baba, jina la mji, *ihifadhiwe posta*,
akazilipia kwa fedha za viatu vyangu.

Sita zilirudi, moja moja, hadi mwaka ukageuka,
zimegongwa mihuri na mishale,
zimechorwa kalamu nyekundu:
hajulikani, haikuchukuliwa, irudishwe.
Hakuna hata moja niliyoilowesha.

Juzi, kwenye maonyesho ya wakusanyaji huko Santiago,
mchuuzi mmoja alizipekua kwa kibano,
akataja bei, akaipandisha,
kisha akahesabu upya, uso ukamkunjamana.
Seti ina pengo, mama. Falköping iko wapi?

Hiyo, nikamwambia nikifunga albamu,
haikurudi.