Kombe la Kumi na Moja

Mpira ukazama shimoni bila kelele.
Makofi. Ogweno akavua kofia,
akanirudishia fimbo kama mtu arudishaye mwiko jikoni.
“Kesho saa ngapi?” akauliza.

Mimi ndiye mbeba mkoba wake
tangu ile Jumatatu ya makedi, uwanja wa Reli,
aliposhinda chupa ya chai, nyekundu,
akakimbia nayo kuvuka reli hadi Kibera
akipiga mayowe,
kiatu kimoja kikabaki topeni
wala hakurudi kukichukua.

Leo kombe limelala kwenye buti,
linagonga jeki kila tuta la Barabara ya Ngong.

“Kwani hufurahi siku hizi?”

Kimya, mpaka Dagoretti Corner.
“Nafurahi,” akasema,
“kama mtu aliyelipa kodi.
Mwenye nyumba hatabisha hodi
wiki hii.”

Kwake, makombe yamejaa kabati,
yaya huyapangusa vumbi kila Ijumaa.
Ila ile chupa, iliyobonyea ubavu,
haioshi mwingine.

Akaitoa, akanimiminia.
Haishiki moto tena.
Tukainywa hivyo hivyo, vuguvugu,
na kwa mara ya kwanza siku nzima
nikamwona akitabasamu,
akiangalia viatu vyake.