Safu Mbili

Jumanne, saa moja usiku, Grimsby.
Bi Oldroyd anapiga mstari katikati ya ubao:
kushoto nomino, kulia vitenzi.
Daiva ameketi karibu na hita,
mikono bado inanuka chewa wa kiwandani.

"Fish," anasema mwalimu. Rahisi. Kushoto:
samaki ana magamba, ana macho, ana bei.
"Na kulia pia," Bi Oldroyd anacheka,
na neno lilelile linashika ndoana, linavua.

Lugha gani hii isiyomvika kitenzi hata kofia?
Jina na tendo huazimana koti moja,
nawe usubiri mlangoni uone nani katoka.

Wiki jana msimamizi alimpigia kelele: "Hand—"
mashine zikameza yaliyobaki.
Akanyoosha kiganja, chekundu, kitupu,
kama mtoto anayengoja kiboko.
Kumbe aliambiwa apitishe kisu.
Walicheka wote. Hata Vytas, wa kwao.

"Tanguliza 'to'," mwalimu anashauri,
"likikubali, ni kitenzi."
Daiva anajaribu barafu, sanduku, hata kisu:
yote yanaitika, wanafiki wakubwa.

Linabaki moja: "phone".
Analiandika kushoto, kwa wino mzito.
Kitu cheusi, kioo kimepasuka,
kimelala chini ya skafu tangu Jumapili,
mama alipokata bila kuaga.

Saa tatu. Kituo cha basi, manyunyu.
Anavua glovu kwa meno
na kulihamishia neno kulia.