Bei ya Kifua

Waliniita mimi, Mwanasiti binti Kombo,
mchapa jezi wa Majengo, mlango wa pili baada ya kinyozi.
Nikaapishwa saa nne na robo, mahakamani Mombasa,
feni ikizunguka kwa kusitasita
kama refa asiyejua kama ni kona au goli kiki.

Kesi haikuwa yangu.
Ilikuwa ya Makupa Shababi dhidi ya Ligi,
na mimi nilikuwa kielelezo, nadhani,
chenye buibui na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Mambo yenyewe, nilivyoyaelewa, ni haya:
Bwana Swabri Bahamadi anamiliki timu.
Shemeji yake anamiliki maji ya chupa, Maji Zulali.
Maji yakailipa timu milioni arobaini kwa mwaka
ili jina likae vifuani mwa vijana
wanaocheza Jumapili mbele ya watu mia mbili na mbuzi.
Ligi ikasema hapana. Kanuni ya kumi na tisa:
mkono wa kulia usiuuzie wa kushoto pete
kisha ukaiita biashara.
Timu ikajibu: kanuni hiyo wameitunga walioshiba,
wamekula kwanza, ndipo wakafunika sahani.

Hapo nilikubaliana na wote wawili.
Ndilo tatizo langu tangu utotoni.

Wakili wa Ligi, Bwana Mutinda, akainua jezi namba nane.
Niliijua. L ya pili imepinda kidogo;
umeme ulikatika nikiibana.
"Bi Mwanasiti, kwa uzoefu wako wa miaka ishirini na miwili,
kifua hiki kina bei gani?"

Kitambaa mia tano na hamsini, nikamwambia.
Herufi ni kumi, ishirini ishirini.
Kazi ya mkono, nipe utakacho.

Watu wakacheka. Jaji hakucheka, aliandika.

"Nauliza bei ya soko."

Soko lipi, bwana?
Kongowea, nyanya ya alfajiri si nyanya ya saa kumi.
Marikiti, muuzaji akimjua mamako, bei hushuka;
akimjua mumeo, hupanda.
Mimi sijapata kuona bei isiyo na jamaa.

Wakili wa timu akaruka: "Hayo ndiyo tusemayo!"
Na wa Ligi, bado amesimama: "Hayo ndiyo tusemayo sisi."

Mkobani nilikuwa na risiti, imekunjwa mara nne:
jezi thelathini na sita, elfu ishirini na saba,
bila ya kazi ya mkono,
haijalipwa tangu Shaabani.
Nikaitoa. Jaji akasema hilo haliko mbele ya mahakama hii.
Alisema kwa upole, sitamsingizia.

Hukumu ilitoka baada ya miezi mitatu, kurasa sitini na moja.
Kanuni imetenguliwa, si kwa ubaya wake,
ila vilabu havikupewa notisi ya siku thelathini.
Ligi ikaiandika upya wiki ile ile.
Palipokuwa na "jamaa" sasa pana "mhusika".
Timu imerudi mahakamani,
na jina, imeamriwa, litoke vifuani hadi rufaa isikizwe.

Jumamosi akaja kipa, Mwarandu, na gunia la jezi begani.
Nikabandua ya kwanza kwa pasi na karatasi ya kaki.
Herufi zilitoka. Chini yake kitambaa kilikuwa cheupe zaidi,
MAJI ZULALI, lasomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara,
na L yangu imepinda vile vile.

"Kubandua ni bei gani, mama?"

Sikumjibu. Nilikuwa natazama vidole vyake,
plasta juu ya plasta.
Nikamuuliza kama hayo maji yenyewe ni matamu.

"Hatujayaonja," akasema.
"Uwanjani tunakunywa ya mfereji wa msikiti."

Nikaivuta ya pili kutoka guniani.
Ilikuwa bado na jasho.