Kamba ya Kuwashia

Oktoba, Duluth. Mialoni yetu mitatu
imepukutisha kila kitu usiku mmoja,
kama mpangaji aliyehama bila kulipa kodi.
Arvid akasimama dirishani na kikombe chake:
Safari hii sitaki reki.
Nataka mashine. Tena yenye nguvu.

Neno hilo, nguvu, amelitafuna tangu Machi,
tangu walipompasua kifua na kukishona
kwa mshono anaoupapasa hadi usingizini.
Sikuuliza. Nikachukua funguo za gari.

Dukani zimetundikwa ukutani kama bunduki:
za waya, za betri, za petroli,
na moja ya kubebwa mgongoni, nyekundu,
mdomo wake mpana kama tarumbeta.
Lebo inataja mwendo wa upepo
kwa tarakimu za kumtisha rubani.
Arvid akaisoma mara mbili, midomo ikicheza,
kama asomaye barua ya mchumba.

Binti wa duka, Pahoua kwa kibandiko cha kifuani,
akauliza: Uwanja una ukubwa gani?
Ekari nzima, akajibu.
Ni robo.
Majani makavu, au yamelowa? Yamelowa.
Majirani wako karibu?
Hapo akakohoa.
Maana Bi Tuominen hulala mchana;
usiku kucha yuko wodini akigeuza wagonjwa,
na Machi ile mmoja wao alikuwa Arvid.

Naomba nijaribu ile nyekundu.

Tukatoka nyuma ya duka, kwenye mifuko ya mbolea.
Akavuta kamba. Ikakohoa, ikanyamaza.
Akavuta tena. Mkono ukaishia njiani,
jasho likamtoka juu ya mdomo
na baridi yote ile.
Binti akainama kufunga kamba ya kiatu
ambayo mimi nilikuwa naiona:
imefungwa.
Sijawahi kumpenda mgeni haraka vile.

Na hizi za betri? akasema Arvid,
akiiuliza mifuko ya mbolea.

Kilo tatu. Kitufe kimoja.
Sauti yake ni ya mtu anayepuliza chai kwa hasira.
Si kali kama ile, akasema Pahoua,
ila ukiujua upepo unakotoka, ukaufuata,
kazi nusu unafanyiwa.
Arvid akatikisa kichwa kama fundi
aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua siku zote.

Nyumbani akapuliza kuanzia banda hadi uzio.
Majani yakainuka, yakafikiri, yakatua.
Mengine, yaliyolowa, hayakumjali kabisa;
hayo nikayachukua kwa reki, kimyakimya,
kila alipogeuka.

Saa kumi betri ikaisha, naye pia.
Jikoni taa ndogo ikapepesa kwenye chaja,
Arvid kitini, mdomo wazi,
mkono mmoja juu ya mshono.
Nje mwaloni ukadondosha yaliyosalia
pale pale tulipokwisha kusafisha.
Ng'ambo ya uzio, mchana kutwa,
pazia la Bi Tuominen halikutikisika.