Zege Halijakauka

Tangi la juu, Mtemani, lilikuwa tupu siku ya tatu.
Nimelikausha mwenyewe: valvu, tope, brashi,
ngazi ya chuma mpaka chini, kurunzi kichwani,
nyufa nne za kuziba kwa saruji.

Nikaangusha spana.

Mlio haukurudi mara moja. Ni kama mtu aliyekaa pembeni
aliuokota, akaugeuzageuza,
akausema tena kwa namna yake,
kisha akaumeza.
Nikahesabu. Sekunde kumi na moja.
Nikapiga chafya,
ikanijibu chafya ya marehemu baba.

Usiku nikamhadithia Salha. Hakucheka.
Akauliza tu, "Watu wangapi wanaingia humo?"

Kesho yake walishuka kumi na wanne,
buibui zimefungwa viunoni, ndala mkononi,
Bi Kazija wa mwisho, kinyumenyume,
akiitukana ngazi kwa heshima zake.

Walianza kasida kama waianzavyo kila Alhamisi,
kwa dufu na kwa haraka,
na tangi likawavuruga.
Neno la kwanza lilirudi likalikuta la tatu mlangoni,
yakagombania kupita.
"Rehema" ikawa ma, ma, ma,
mtoto aliaye akitaka ziwa.
Wakacheka, na kicheko kikawazunguka
kikarudi kikubwa kuliko walivyokitoa.

"Dufu lipandishwe juu," akasema Bi Kazija.
"Humu hatuimbi peke yetu. Huyu mwenye nyumba
ana ulimi mzito.
Mpe neno moja, umngojee amalize."

Basi wakatoa sauti moja, nyembamba, isiyo na neno.
Ukuta ukaipokea.
Haijafa hiyo, wakaweka ya pili juu yake,
kisha ya tatu, ya chini, ya Salha,
ambayo miaka kumi na sita naisikia jikoni
ikiwafukuza kuku,
na sikuijua.

Nikahesabu midomo: kumi na minne.
Nikahesabu sauti: kumi na tano.
Mhandisi wa Mamlaka angesema ni hesabu tu,
mviringo, kimo, ugumu wa zege.
Na mie nasema hivyo hivyo.
Mchana.

Huku mtaani madumu yamepanga foleni,
ya njano, ya buluu, jingine limezibwa kwa gunzi.
Mama mkwe akapiga simu: "Maji lini?"
Sheha akapiga: "Maji lini?"
Kitabu cha zamu kilikuwa wazi gotini.
Saruji ilikuwa kavu tangu asubuhi,
niliigonga kwa ukucha, ikalia kama sahani.
Nikaandika: *Zege halijakauka.*

Uwongo wa maneno mawili
uliobebwa kwa ndoo siku mbili na mtaa mzima.
Salha naye aliubeba. Akitoka tangini jioni,
koo limemkauka, hupitia kisimani,
ndoo kichwani, ndoo mkononi,
na hakuniuliza kitu.
Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo,
kwamba hakuniuliza.

Siku ya tatu nikafungulia.
Nikalala kifudifudi juu ya mfuniko,
spana mkononi, sikio kwenye tundu.
Maji yalivyopanda nikawa nagonga.
Kumi na moja.
Tisa.
Nikapumzika, nikavuta sigara, nikagonga tena: sita.
Yule mzee wa ndani alikuwa anafupisha maneno
kama mtu anayekaribia kulala.
Magharibi ilipoadhiniwa nikagonga mara ya mwisho,
tk,
chuma na zege, basi.

Asubuhi bomba la uani likakohoa hewa, likatema kutu,
kisha likatulia.
Salha akakinga kikombe, akaonja.
"Maji haya mazito."
"Saruji mpya," nikamwambia. "Itaisha."
Akanitazama.
Akanywa funda moja, akangoja.
Akanywa jingine,
akangoja.